Waranti na Mrashi wa Mama

Juzi mwalimu mwenzangu alinijia na uso wa msiba. Chai ya maziwa ilikuwa imemwagika juu ya kompyuta yake, na kabla hajapanda boti kwenda mjini alitaka kujua jambo moja tu: je, waranti itaitengeneza? Pale shuleni kwetu wananiita mufti wa waranti. Wakiniita hivyo hujitia kukasirika, lakini swali likija hulijibu mpaka mwisho. Nikamwambia waranti ni ahadi ya kiwanda. Mashine ikiharibika kwa sababu iliundwa vibaya, wao wataitengeneza. Ikianguka, ikilowa, ikikaliwa na mtoto, hiyo ni ajali, na ajali haimo, ila kama siku ya kununua ulilipia ile bima ya pembeni wanayokuuliza wakati wewe una haraka ya kwenda nyumbani.

"Uliilipia?"

Hakuilipia. Hakuna anayeilipia. Siku ya kununua kila mtu hujiona ana mikono mizima.

"Basi nitawaambia imezima yenyewe," akasema.

Nikamwambia asithubutu, tena kwa sauti ambayo hakuitarajia, kwa sababu hata mimi sikuitarajia. Watoto wa darasa la chekechea waliacha kuimba wakanitazama. Nilitoka nje nikasimama kando ya birika la shule la kukinga mvua nikijifanya natazama kama lina maji. Sentensi ile niliwahi kuisema mimi, neno kwa neno, mbele ya mama yangu.

Mama yangu alikuwa mtu wa moshi. Sina namna nyingine ya kumweleza. Nyumba yetu ya Kizingitini ungeijua kwa pua kabla ya kuifikia kwa miguu. Wengine walinuka samaki, sisi tulinukia udi. Kila kitu kipya kilichoingia mlangoni pake kilipita kwanza juu ya chetezo cha udi. Alikuwa na tenga lake la kufukizia, lililosukwa wazi wazi kama dema la kuvulia samaki, akilifunika juu ya makaa, kisha anatandaza juu yake nguo mpya, shuka, nepi za mtoto mchanga, hata mkoba wangu wa shule. Mjomba aliponunua mashine ya boti, mama aliifukiza pale pale uwanjani, na mjomba, mtu mzima mwenye ndevu, alisimama kando akingoja kwa adabu kama anayengoja zamu kwa kinyozi.

Baada ya moshi ilikuja zamu ya mrashi. Ulikuwa wa shaba, shingo ndefu, kichwani una matundu madogo kama ya kichujio, na aliupata siku ya harusi yake. Mgeni hakutoka kwetu bila kurashiwa marashi ya mawaridi viganjani, akajipaka usoni na kwenye ncha za mtandio. Kitu kilichopendwa sana kilipata matone matatu. Mama akisoma chini chini, akirashia, na kazi ikawa imekwisha. Kitu kile kilikuwa kimekingwa na kijicho na hasadi, na mama angeweza kulala.

Nilipokuwa msichana nilimcheka. Sasa nimepitwa na umri wa kucheka, na wakati mwingine nikipita mlango wa watu wenye shughuli nikasikia harufu ile, miguu hunisimama.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimerudi nyumbani. Nilikuwa msaidizi wa mwalimu wa chekechea, na huku nikisomea diploma kwa masafa, kwa mtandao uliokuja na kuondoka kama paka wa jirani. Kompyuta ilinilazimu. Nilidunduliza mwaka mzima, na mama akauza mbuzi wake wawili bila kuniuliza, kwa sababu angeniuliza ningekataa. Nikainunua kwenye duka moja la mjini Amu, ikiwa ndani ya sanduku lake, na pamoja nayo karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mama alilitazama sanduku, kisha akaitaka ile karatasi. Alisoma Kurani tangu utotoni na aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati nzuri kuliko yangu, lakini herufi za Kizungu hakuzijua.

"Karatasi hii yanena nini?"

"Ni waranti, mama. Yaani dhamana. Ikiharibika kabla ya mwaka, wenyewe wataitengeneza."

"Fundi wake ni nani?"

"Fundi yuko China."

Akafikiri. "Na kikivundika, utakipeleka China?"

"Nitakirudisha dukani Amu. Wao ndio watakaojua."

Hapo uso wake ukafunguka. "Aa! Kama fundi wetu wa Siyu."

Fundi wa Siyu alikuwa mshona viatu vya ngozi, aliyemshonea babangu makubadhi ya harusi. Mama alikihadithia kisa hiki mara nyingi hata ningeweza kukimaliza mimi. Mwaka wa pili wa ndoa, mbuzi aliingia ndani akatafuna ukanda wa kiatu kimoja mpaka ukawa uzi. Baba aliona haya, lakini alikwenda Siyu kwa miguu na kiatu chake kwapani. Fundi alikigeuza, akakitazama, akasema, "Mbuzi wako ana meno mazuri, mshukuru Mungu." Akakata ngozi mpya akashona, na baba alipotia mkono mfukoni, fundi akakasirika kweli kweli. Kiatu kilikuwa chake. Alikishona yeye na kinajulikana ni chake, na hawezi kuacha kazi yake itembee mjini imekatika, iwe imekatwa na mbuzi, iwe imekatwa na shetani. Alikitengeneza kiatu kile mara nne zaidi mpaka baba alipofariki.

Hiyo ndiyo dhamana aliyoijua mama. Sikumsahihisha. Karatasi yenyewe sikuwa nimeisoma zaidi ya mstari wa kwanza, sawa na kila mtu.

Kompyuta ilikwenda kwa miezi saba bila neno. Ndani yake niliweka kazi yangu yote ya mwisho: mwaka mzima wa kuwatazama watoto wangu kumi na wawili wa chekechea, nani amesema nini, nani alilia na kwa nini, picha walizochora, michezo yao ya kamba na ya mchanga. Hakuna mahali pengine kazi ile ilipokuwepo. Kulikuwa na flashi, ikapotea, nikasema nitanunua nyingine, sikununua. Ilibaki wiki tano niiwasilishe. Nisipoiwasilisha, ningerudia mwaka, na pale shuleni walikuwa wameshaniambia kwamba nafasi ya mwalimu kamili hawatanishikia milele.

Siku ile tulikuwa na wageni asubuhi, mabibi watatu wa mtaani, na mimi kwa kujigamba niliwafungulia mashine niwaonyeshe picha za watoto wao. Mmoja aliishika shika, akaipapasa, akasema, "Lo! Kizuri kitu hiki! Wewe sasa umekuwa mzungu." Basi. Hakusema mashaallah. Mimi sikuona kitu. Mama aliona. Nilimwona anavyomtazama yule bibi mdomoni, akilingoja lile neno lililobaki, na halikutoka.

Nikaenda shuleni nikaiacha mashine juu ya kitanda.

Niliporudi adhuhuri, nyumba ilikuwa nyeupe kwa moshi. Tenga lilikuwa katikati ya ukumbi, chetezo chini yake, na juu ya tenga, imefunuliwa kama msahafu juu ya marufaa ya kusomea, kompyuta yangu. Mama alikuwa ameinama juu yake na mrashi mkononi, midomo inatembea. Hakuwa ametia matone matatu. Kwa sababu ya ukubwa wa kile kijicho, na kwa sababu ya mbuzi wake wawili, na kwa sababu yangu mimi, alikuwa amerashia sawa sawa, baina ya kila herufi, kama mtu anayemwagilia mchicha.

Nilipiga ukelele. Niliirukia, nikaipindua, marashi yakanitiririka mikononi. Kioo kiliwaka mara moja, kikaonyesha mistari ya rangi, kikazima. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nikaifuta kwa mtandio wangu, nikaipuliza, nikaibonyeza kwa vidole viwili kama anayemfinya mtu aliyezimia.

Mama alisimama na mrashi wake. "Imekuwaye?"

"Umeiua!"

"Mimi?"

"Ni mashine, mama! Mashine haitiwi maji!"

"Si mai," akasema polepole, "ni marashi." Kisha akaona uso wangu, akaelewa. Akaweka mrashi chini. "Si kusudi, mwanangu."

Ningeweza kunyamaza. Mtu akinyamaza kitambo kidogo mambo mengi hupita. Lakini mimi hasira zangu ni za karibu, zinakaa mlangoni, na nilikuwa na miaka thelathini na moja na nilijiona nimesoma. Nikamwambia, "Kusudi au si kusudi, ni ujinga. Ujinga wako na moshi wako umenimaliza."

Mtoto wa Kizingitini hamwambii mamake mjinga. Hata anayemfikiria hivyo hasemi. Mama aliinama, akalitoa tenga, akamwagia makaa maji, yakalia. Akachukua chetezo na mrashi akaviingiza ndani ya kasha lake, akafunga.

Tangu siku ile nyumba yetu ikanuka samaki kama nyumba nyingine. Ijumaa ilipita bila udi. Mgeni alikuja akaondoka na viganja vikavu, akamtazama mama kwa mshangao, naye akazungumza habari ya bei ya unga. Tulikula pamoja, tukazungumza, akanipakulia kipande cha kichwa cha samaki kama kawaida, lakini mimi nilijua nimezima kitu kingine mle ndani mbali na kompyuta. Kulisema hilo nikashindwa. Nikajiambia kwanza mashine ipone, tukirudi nayo nzima kila kitu kitajirudia chenyewe.

Siku ya nne nikaichimbua ile karatasi ya waranti nikaisoma, mara hii hadi chini. Kule chini, kwa herufi za ukubwa wa chawa, iliandikwa kwamba kuanguka, kuvunjika na kuingiwa na majimaji havimo. Basi nikaamua nitasema imezima yenyewe. Kiwanda ni kiwanda, hakina roho wala hakitalala njaa. Nilijitayarishia maneno kama mtoto anayejitayarishia udhuru wa kukosa chuoni.

Alfajiri nilipofunga mtandio, mama alikuwa ameshavaa buibui. "Takwenda nawe," akasema. Nikamwambia hakuna haja. Akasema, "Kilichovundwa na mimi nikipeleke mimi." Nikampa mashine. Tulipanda pikipiki mpaka gatini Mtangawanda, yeye katikati, mashine mapajani imefungwa kwenye leso mbili, na kila shimo la njia akiiinua juu kidogo kwa mikono isije ikapigika. Kwenye boti vile vile. Maji yaliruka yakamlowesha bega zima, na mashine ikafika Amu kavu.

Dukani, nyuma ya meza, alikuwapo msichana wa bara, nywele za kusuka, msalaba mdogo shingoni, mpole lakini mwenye foleni. Alitoa fomu.

"Shida ni gani, madam?"

"Imezima yenyewe tu," nikasema.

"Haikuanguka?"

"Haikuanguka."

"Haikumwagikiwa na kitu? Maji, chai, soda?"

"Hata tone."

Msichana akaifungua. Akasita. Akainamisha kichwa, akanusa, akaniinulia macho makubwa. "Madam, mbona inanukia kama harusi?"

Watu wawili wa kwenye foleni wakacheka. Nikafungua mdomo niseme sijui nini, pengine kwamba kwetu kila kitu kinanukia hivyo, ambalo tena lingekuwa kweli. Lakini mama alikuwa ameshasogea mbele, ameweka kiganja juu ya meza.

"Mwanangu," akamwambia yule msichana, "mwana wangu huyu anena urongo, na anena kwa sababu yangu. Ni mimi nimeirashia marashi kwa mkono huu. Nalikiogopea kijicho. Ukiandika, niandika mimi."

Foleni yote ikatugeukia. Sijawahi kuona haya namna ile, wala sijui hadi leo nilimwonea haya yeye au nilijionea haya mimi. Msichana wa bara alimtazama mama, akatazama fomu, akajikuna kwa kalamu kwenye mizizi ya nywele.

"Mama, hapa kwa fomu hakuna marashi. Kuna maji, kuna chai, kuna soda, kuna nyinginezo."

"Basi mimi ni hizo nyinginezo," mama akasema.

"Na nikiandika hivyo, mama, kuna uwezekano mkubwa watakataa. Unaelewa?"

"Naelewa. Andika."

Akaandika. Kisha, mama alipogeuka kufunga leso zake, msichana akaninong'oneza, "Dada, ungeniachia tu, ningeandika sababu haijulikani." Mashine ikatiwa ndani ya boksi ikaenda Nairobi.

Njiani kurudi sikumsemesha mama. Niliwaza wiki zangu zilizobaki, watoto wangu kumi na wawili waliofungwa mle ndani, na jinsi ukweli wa mtu mmoja ulivyonirudisha nyuma mwaka. Yeye alitazama maji mpaka tukafika. Mara moja tu alisema, kama anayejisemea, "Fundi wa Siyu hakuuliza." Nikajifanya sikusikia.

Siku kumi na tatu zilipita. Msichana akapiga simu, nikaenda peke yangu, nikakabidhiwa boksi na bahasha. Mashine ilikuwa imekufa vile vile. Barua sikuifungua. Niliyajua yaliyomo, na nilitaka nikaifungue nikiwa nimekaa.

Mama alikuwa jikoni anapara samaki. Aliponiona aliosha mikono kwa ndimu, akaifuta vizuri, akaja akakaa mkekani mbele yangu, miguu ameikunja, kama mtu aliyeitwa kwa kadhi.

"Soma."

Barua ilikuwa fupi, ya Kiingereza. Nikamsomea kwa Kiswahili. Tumeichunguza mashine. Ndani yake yameingia majimaji. Uharibifu huu ni wa ajali, na uharibifu wa ajali haumo katika waranti. Tunasikitika.

"Wanena hawatengezi," akasema.

"Hawatengenezi."

"Sababu?"

"Nimekwambia, mama. Ajali."

"Wamenena ajali?" Akajisogeza. "Hawakunena ujinga?"

Nilimtazama. Hakuwa ananikejeli. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, anauliza kwa sababu anataka kujua.

"Hawakunena," nikasema.

"Wala hawakunena kusudi?"

"Hapana, mama. Ajali maana yake si kusudi."

"Na hawa ni watu wasonijua. Hawayui hata ina langu." Akanyoosha mkono. "Nionyesha neno lenyewe ni lipi."

Nikamwekea kidole chini ya neno la Kiingereza. Akaliangalia muda mrefu, herufi moja moja, hali hakuijua hata moja. Akaniomba penseli, akapiga mstari chini yake. Akaikunja barua mara nne kama ilivyokuwa, akaitia kifuani, akarudi kwa samaki wake.

Mimi nikabaki pale mkekani na barua iliyonikatalia imeondoka na mtu aliyeifurahia. Nilikuwa na nafasi. Jikoni palikuwa hatua sita. Ningekwenda nikamwambia, "Mama, nisamehe, lile neno lilikuwa langu mimi, si lao." Badala yake nilinyanyuka nikaanza kutafuta namba ya fundi simu.

Fundi huyo alikuwa na kibanda mjini Amu, hana dhamana wala karatasi. Aliifungua kompyuta kwa bisibisi ya saa, akaisugua ndani kwa spiriti na mswaki wa mtoto, akasema ubao umekwenda lakini kumbukumbu iko salama, marashi yamelowesha ganda lake tu. Akaitoa, akaitia kwenye mashine nyingine kuukuu, na watoto wangu wote kumi na wawili wakatokea kwenye kioo wakicheza. Nililia mbele ya mwanamume nisiyemjua. Kazi niliiwasilisha siku mbili kabla ya mwisho, nikapata cheti, nikapata na nafasi. Mashine ile kuukuu ilinifaa miaka mingine minne, na ikipata moto ilitoa harufu ya mawaridi hata wanafunzi wakawa wanakuja kuinusa.

Na jioni ya siku ya barua, niliporudi kutoka kuteka maji, nilisikia udi mlangoni. Mama alikuwa amelitoa tenga. Juu yake palikuwa na nguo zangu za shule tu, zimetandazwa vizuri. Aliponiona aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa katika nyumba yake mwenyewe, "Hizi haziharibiki, sivyo?"

"Haziharibiki, mama," nikasema. Hilo tu ndilo nililolisema. Nilidhani limetosha.

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Alinifukizia vingi: simu mbili, feni, viti vya plastiki vya shule, mtoto wangu. Kila chenye nyaya aliniuliza kwanza, nami nilimruhusu au nilimkataza, na kila mara alipouliza kitu kilinichoma, nikakipuuza. Mtu hudhani mamake yupo tu, na neno likisalia leo litasemwa kesho.

Alipofariki, baada ya khitma, wanawake wa ukoo walikaa ukumbini kugawa nguo zake, na kasha wakaniachia nilifungue mimi. Chini kabisa, ndani ya leso mpya isiyovaliwa, palikuwa na mrashi. Na chini ya mrashi ile barua, imekunjwa mara nne, imelainika kwa kufunguliwa na kukunjwa. Sikujua kwamba alikuwa akiifungua.

Niliikunjua. Mstari wa penseli ulikuwepo chini ya neno lao. Lakini juu ya neno, kwa ile hati yake nzuri ya Kiarabu, alikuwa ameongeza maneno mawili madogo. Nilidhani ameandika "ajali", kama nilivyomsomea. Nikaisogeza barua mlangoni penye mwangaza, kwa sababu macho yangu hayakuwa mazuri siku ile.

Ameandika: si kusudi.

Ndilo neno aliloniambia mimi kwanza, na mrashi mkononi, kabla ya Nairobi, kabla ya fomu, na akaomba liaminiwe. Watu wasiomjua walimwamini. Akaihifadhi barua yao miaka sita.

Wanawake ukumbini wakaniita, wakauliza nimeona nini. Nikakaa chini sakafuni, nikaubeba mrashi mapajani kama mama alivyoibeba ile mashine, nikamjibu yeye badala yao.

"Nayua, mama," nikasema. "Nayua si kusudi."